Slaidi Isiyosomwa

Kliniki ya wanaume ilikuwa nyuma kabisa ya hospitali, ukishapita jengo la kufulia na tangi la maji, na haikuwa na kibao. Waliojua njia walitembea wakijibana ukutani, kofia zimeshushwa hadi kwenye nyusi. Wasiojua walimnong'oneza mlinzi wa geti, naye mlinzi, mtu ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe, aliwajibu kwa sauti ya mnadi: "Ya wanaume? Nyoosha, kata kushoto, utawaona wenzako!"

Maabara ya kliniki hiyo ilikuwa chumba kimoja chenye sinki, meza ya saruji na darubini mbili, moja nzima na moja ya kuchomolewa vipuri. Humo alifanya kazi mwanamke waliyemwita Dada Jicho. Jina hilo alipewa na madaktari, kwa sababu alichokiona yeye kwenye darubini hakikuhitaji mtu wa pili kukihakiki. Kazi yake ilikuwa hii: usaha unaotolewa kwenye mrija wa mkojo unapakwa juu ya slaidi, unapitishwa juu ya moto, unamwagiwa rangi ya zambarau, unasuuzwa, unamwagiwa nyekundu, unaachwa ukauke. Kisha jicho linaingia kazini. Kisonono kikiwapo, vijidudu vyake vinaonekana viwili viwili, vimegeuziana matumbo kama punje za maharage, vimejificha ndani ya chembe nyeupe za damu. "Hawa hawatembei mmoja mmoja," alikuwa akiwaambia wanafunzi. "Ukimwona mmoja peke yake, huyo si yeye."

Kazi yenyewe haikumchosha. Kilichomchosha ni maneno. Dirisha la kupokelea majibu lilikuwa hapo hapo mezani kwake, na kila aliyepewa karatasi yake alikuwa na la kusema. Mmoja alikaa kwenye choo cha stendi. Mwingine alirukwa na paka usiku. Mwingine alivaa suruali ya mtumba kabla ya kuifua. Yuko aliyeapa kwa kaburi la mama yake, na wiki iliyofuata mama mwenyewe akaja hospitali kutibiwa jino. Mtu akisikiliza hayo miaka kumi na tisa, kitu fulani ndani yake kinakauka. Dada Jicho hakuwa na mume. Aliyekuwa naye alikwenda zake zamani na hakuacha sababu. Kwa hiyo alikuwa na hesabu moja ya wanaume, fupi na rahisi, na hakuna aliyewahi kumkosoa.

Aliyempenda kuliko wote duniani ni mdogo wake wa kike, fundi cherehani. Baba yao alifariki mdogo akiwa darasa la tatu, na dada ndiye aliyemlipia shule na kumnunulia cherehani ya kwanza. Mdogo alipoolewa na fundi vigae, kijana wa maneno machache na magoti yenye sugu, Dada Jicho alimkagua shemeji yake kama anavyokagua slaidi, pembe hadi pembe, akasema, "Haya. Huyu nimempitisha." Wakapata binti. Huyo binti, kila akimwona mama yake mkubwa akija na mkoba, alitoka mbio na viatu mkononi.

Sasa, miaka minne kabla ya mambo haya kufumuka, kliniki ililetewa kipimo cha haraka. Kilikuwa kiplastiki cheupe cha ukubwa wa kidole, kama kile cha mimba. Unadondoshea matone ya mkojo, unasubiri robo saa. Mstari mmoja, mzima. Mistari miwili, una kisonono. Msimamizi wa kliniki alikipenda tangu siku ya kwanza, maana foleni ilikuwa inafika kwenye jengo la kufulia. Akatoa agizo: kipimo cha haraka kwa kila mtu, slaidi pale tu penye shaka. Makasha yake yakapangwa stoo, chumba kisicho na dirisha chini ya paa la bati.

Ni katika wiki za mwanzo za kipimo hicho ndipo shemeji alipokuja. Hakujibana ukutani. Alikuja moja kwa moja dirishani, nguo zake zina vumbi la saruji.

"Shemeji, mkojo unachoma," alisema. "Siku ya nne leo. Na jana ulikuwa na rangi, kama maji ya kusuuzia nyama. Nimesema nije kwako, wewe ni ndugu. Siwezi kwenda kumvulia suruali mtu nisiyemjua."

"Usaha upo?"

"Hakuna. Maumivu tu. Na hapa ubavuni."

Muuguzi wa kiume alimchukua sampuli, zote mbili, ya mkojo na ya kipamba kilichopitishwa kwenye mrija, maana Dada Jicho alitaka amfanyie shemeji yake kazi kamili. Alipaka slaidi kwa mkono wake, akaipaka rangi, akaisimamisha ikauke. Wakati inakauka, kiplastiki kikatoa jibu. Mistari miwili, ya waridi, imenyooka.

Alisimama akiitazama. Nje walikuwa wanaume kumi na wanne kwenye benchi, na muuguzi alikuwa anagonga kidirisha akidai majibu. Slaidi ilikuwa imeshakauka. Kuisoma kungemchukua dakika kumi. Lakini ya nini kusoma barua ambayo umeshaambiwa yaliyomo? Aliibandikia namba, akaitia kwenye kisanduku cha mbao pamoja na nyingine, ambako slaidi zilihifadhiwa kwa ajili ya wakaguzi wa ubora waliopaswa kuja kila mwaka na ambao hawakuja.

Alimwita shemeji ndani, akafunga mlango.

"Umetembea nje ya ndoa?"

"Mimi?"

"Hapa tuko wawili. Jibu."

"Shemeji, sijatembea na mtu. Naapa."

Neno lile la kuapa lilimharibia. Dada Jicho alilisikia kwa sauti za wanaume wote wa miaka kumi na tisa. Alimwonyesha kiplastiki. Shemeji alikitazama kwa muda, kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya waliofariki.

"Basi kimekosea," alisema.

"Hakikosei."

Alichomwa sindano, akapewa vidonge. Na akaambiwa, kama anavyoambiwa kila mtu, kwamba mke naye lazima aje apimwe na kutibiwa. Shemeji aliomba kitu kimoja tu. "Nipe mpaka Jumapili nimwambie mwenyewe. Nitajua namna ya kumwambia. Tafadhali, shemeji, usinitangulie."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi mchana Dada Jicho alikuwa kwenye kibanda cha kushonea cha mdogo wake, mlango umerudishwa. Alijiambia kwamba ni afya ya mdogo wake, kwamba kila siku inayopita ni hatari. Na hilo lilikuwa kweli. Lakini pia kulikuwa na kitu kingine, kitu chenye ladha, na baadaye alikuja kukijua kwa jina lake: alikuwa anapenda kuwa sahihi.

Shemeji aliporudi nyumbani kutoka kazini jioni alikuta nguo zake kwenye ndoo ya saruji mlangoni.

Ukaitwa mkutano wa familia nyumbani kwa mama. Mjomba alikaa kwenye kiti cha mbele. Mdogo alikuwa amepimwa asubuhi hiyo na hakuonekana na kitu, na shemeji akalishika hilo kama mtu anayezama anavyoshika jani.

"Kama ninao, mbona mke wangu hana?"

Wote walimgeukia Dada Jicho. "Kwa wanawake hujificha," alisema. "Mara nyingi hakionekani."

"Basi nipimwe tena. Hospitali nyingine, nyinyi wenyewe mchague."

Wakamgeukia tena. "Ameshachomwa sindano," alisema. "Akipimwa leo ataonekana mzima. Haitathibitisha chochote."

Yote mawili ni kweli. Mwulize mpimaji yeyote, atakuambia hivyo hivyo. Lakini pale sebuleni, maneno hayo mawili yalikuwa komeo la juu na komeo la chini.

"Lisemwalo lipo," mjomba alihitimisha, akaomba maji ya kunywa.

Ndoa ikafa. Binti, aliyekuwa na miaka sita, aliambiwa kwamba baba ni mchafu na ana ugonjwa mbaya, na kwamba hatakiwi kumshika. Shemeji alikuja mara tatu kumwona. Mara ya tatu binti alijificha chini ya meza ya cherehani, akapiga kelele hadi majirani wakatoka. Hakuja tena. Baada ya miaka miwili mdogo aliolewa na msimamizi wa ghala, mtu mpole, na maisha yakaendelea.

Kisha akaja daktari mtafiti. Alikuwa mwanamke kijana, anacheka haraka, na alikuja na mashine ya vinasaba ya ukubwa wa jokofu dogo. Alikuwa na swali moja: kati ya vipimo tunavyotumia kwa wanaume wenye matatizo ya mrija wa mkojo, kipi kinasema kweli? Kila mwanamume atakayekubali angepimwa mara tatu. Kiplastiki kingesomwa na muuguzi. Slaidi ingesomwa na Dada Jicho. Mashine ingetoa la kwake, nalo ndilo lingekuwa hakimu. Hakuna msomaji angeona jibu la mwenzake hadi mwisho.

Dada Jicho alifurahi kurudi kwenye darubini yake. Miezi saba alichungulia. Wanaume mia tatu na kumi na wawili walipita, na kila mmoja alimwandikia jibu moja, ndiyo au hapana, akalifunga kwenye bahasha.

Siku ya matokeo walikusanyika ukumbini. Kulikuwa na soda na viti vya plastiki. Daktari aliwasha picha ukutani.

"Mashine imekuta kisonono kwa wanaume sitini na wanne," alisema. "Twende na slaidi kwanza. Slaidi imesema ndiyo kwa sitini. Kati ya hao, mashine imekubali hamsini na tisa. Imemsingizia mtu mmoja tu! Walioiponyoka ni watano, na kuna sababu, hao hawakuwa na usaha kabisa. Dada Jicho, simama watu wakuone. Jicho lako na mashine ni mtu na ndugu yake."

Watu walipiga makofi. Msimamizi wa kliniki alipiga kuliko wote.

"Sasa kipimo cha haraka," daktari akaendelea, na kicheko kikamfutika usoni. "Kimeshindwa kuwaona tisa wenye ugonjwa. Hilo tu lingetosha kutusikitisha. Lakini tazameni hapa. Kimesema ndiyo kwa wanaume tisini na saba. Mashine imekubali hamsini na tano. Arobaini na wawili hawakuwa na kisonono. Tumewachoma sindano, tumewaambia walete wake zao, na hawakuwa nacho."

Dada Jicho alikuwa bado amesimama. Alikuwa amesahau kukaa.

"Kwa nini?" mtu mmoja aliuliza.

"Bado sijui. Labda joto la stoo, labda ndivyo kilivyotengenezwa. Nitaandika kisitishwe leo hii."

"Na waliopimwa miaka minne iliyopita?" Dada Jicho aliuliza.

"Hao hatuwezi kuwajua, dada. Hatukuwapima kwa mashine." Daktari aliona uso wake, akalegeza sauti. "Wengi walipata dawa wasiyoihitaji. Kwa kawaida haimdhuru mtu."

"Siulizi habari ya dawa."

Alitoka kabla ya soda.

Visanduku vilikuwa chini ya sinki, vimerundikwa nyuma ya ndoo. Alichukua rejesta ya mwaka ule, akaitafuta Jumatano ile. Namba aliipata haraka. Tarehe alikuwa ameikumbuka tangu ukumbini. Slaidi ilikuwa pale, kati ya slaidi za wanaume wengine, vumbi juu, rangi yake haijafifia. Aliifuta. Akaweka tone la mafuta, akashusha lenzi.

Alitafuta kama mtu anayetaka kukuta. Ukweli lazima usemwe: alikuwa anaomba akute. Wawili tu, matumbo yamegeuziana, ili alale. Alipita slaidi nzima kwa mistari, kutoka kushoto kwenda kulia, akarudi. Aliona chembe za kawaida za ngozi ya mrija. Aliona nyuzi za ute. Chembe nyeupe, mbili tatu za hapa na pale, tupu kama vyumba visivyopangishwa. Na aliona kitu ambacho mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekiona: chembe nyekundu za damu, nyingi, zimetapakaa kila mahali. Damu bila usaha, maumivu ya ubavu, mkojo wa rangi. Hakuna aliyefikiria siku ile kwamba huenda ni jiwe la figo, kwa sababu jibu lilikuwa limeshatoka, mistari miwili.

Aliisoma mara ya pili. Halafu aliegemea ukuta na kukaa sakafuni, karibu na ndoo, na muuguzi aliyefungua mlango akaufunga tena polepole.

Siku iliyofuata alikwenda kwa mdogo wake. Alimkuta kwenye cherehani, mimba ya miezi saba imesukuma kiti nyuma, anapindia sare ya shule.

"Shikamoo, dada. Mbona leo siku ya kazi?"

Alimweleza. Alimweleza mwanzo hadi mwisho, kiplastiki, arobaini na wawili, slaidi, damu. Mdogo hakuinua mguu kwenye pedali hadi alipomaliza upindo. Kisha akakata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo hakuwa nao."

"Kwa nilichokiona mimi, hakuwa nao."

"Kwa ulichokiona wewe." Mdogo alicheka, kicheko kibaya. "Na unataka niifanyie nini habari hii, dada? Niishone?"

"Nimeona una haki ya kujua."

"Haki! Mwaka ule ulikuja hapa mchana, ukakaa hapo hapo ulipokaa, ukaniambia jambo ambalo sikukuuliza. Leo umekuja tena, sijakuuliza." Sauti yake ilianza kukatika. "Alipiga magoti, unajua? Hapo mlangoni. Mtu anayelipwa kwa kupiga magoti, magoti yake yanamuuma kila siku, alipiga magoti bure. Nikamwambia dada yangu hakosei. Nilimwambia hivyo. Dada yangu hakosei."

"Nisamehe."

"Nina mume mwingine. Nina mtoto mwingine tumboni. Ukweli wako nikiuweka ndani ya nyumba ile utakaa wapi? Nimwambie nini yule aliyenioa? Kwamba niliyemfukuza hakuwa na kosa?" Aliivuta sare nyingine kutoka kwenye rundo. "Toka, dada. Na kwa binti yangu usiseme neno."

Dada Jicho alitoka. Siku mbili hakula kitu cha maana. Siku ya tatu alikwenda kumtafuta shemeji.

Alimpata kwenye jengo jipya, ghorofa ya pili, anaweka vigae kwenye bafu ambalo halikuwa na mlango bado. Alikuwa amezeeka kuliko miaka minne. Alimwona, akamtambua, akaendelea kusawazisha saruji kwa mwiko.

"Shemeji," alisema Dada Jicho, kisha akasita, kwa kuwa hakujua kama bado ana ruhusa ya kumwita hivyo.

"Karibu. Usikanyage hapo, hapajakauka."

Alisimama kizingitini na kumweleza. Ilikuwa vigumu zaidi kuliko kwa mdogo wake, maana mtu huyu hakumkatiza hata mara moja. Alichukua kigae, akakilaza, akakigonga kwa nyundo ya mpira, akaweka pimamaji juu, akatazama povu la hewa likitulia katikati. Akachukua kingine. Alipofika kwenye ile slaidi, nyundo ilisimama.

"Ilikuwepo siku ile ile?"

"Ilikuwepo."

"Mezani kwako?"

"Mezani kwangu. Sikuisoma."

Alikaa juu ya visigino vyake. Fundi mwingine alikuwa anaimba chumba cha pili, akasimama, akaanza tena.

"Lilitoka," alisema mwishowe. "Hilo jiwe. Miezi mitatu baadaye, kwenye chumba nilichopanga. Nilidhani nakufa. Nililala sakafuni nauma taulo. Asubuhi likadondokea kwenye kopo, dogo, kama punje ya dengu, lina miiba. Nikalishika nikaona, hiki ndicho kilichonivunjia nyumba."

"Kwa nini hukulileta?"

"Nimletee nani?" Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Nikuletee wewe? Ungesema mtu anaweza kuwa na jiwe na akawa na kisonono pia. Ungesema hivyo, na ingekuwa kweli. Wewe maneno yako yote huwa ni kweli."

"Kipimo kimekosea," alisema Dada Jicho. "Kimekosea kwa wengi. Wamekisitisha."

"Kile kiplastiki hakina mdomo, shemeji. Mimi nilikuomba siku nne. Si kwamba zingebadilisha jibu. Zingenipa nafasi ya kusema na mke wangu kabla yako." Alichukua tambara akafuta ukingo wa kigae. "Unaniletea habari kwamba mimi si mchafu. Hiyo ninayo tangu zamani. Wapelekee waliokuwa sebuleni."

"Nitakwenda."

"Na mwanangu ana miaka kumi sasa. Aambiwe. Mimi sitaki kingine."

Akainama kwenye kazi yake, na hakumwambia kwaheri.

Jumamosi Dada Jicho alikwenda kwa mama yake na akamwomba mjomba naye aitwe. Alisimama mbele yao, mtu mzima wa miaka arobaini na nane, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. Mjomba alisikiliza huku akikuna goti.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema Dada Jicho alipomaliza kueleza. "Mdogo wako ameshaolewa, ana heshima yake. Haya mambo ya hospitali leo hivi, kesho vile, mkiyafuata mtapasua ukoo mzima. Funika kombe."

"Mjomba, wewe ndiye uliyesema lisemwalo lipo."

"Nilisema kwa ulichosema wewe."

Hapo mjomba alikuwa amesema kweli. Lakini mama, ambaye kwenye mkutano ule wa kwanza hakupewa nafasi hata ya kukohoa, alikuwa amefunga kanga yake upya na ametafuta viatu.

"Mtoto ana baba," alisema. "Mimi nilikaa kwenye kiti hiki hiki nikamtazama yule kijana akilia, nikaona haya kusema kwamba namwamini. Nani angenisikiliza, mimi sijui darubini. Nakwenda kwa binti yangu mwenyewe."

Walichozungumza huko hakuna aliyekijua sawasawa. Ila mama alirudi siku ya pili, macho yamevimba, na alikuwa na majibu ya mdogo kama alivyoyapokea. Binti ataambiwa, na mama yake ndiye atakayemwambia, kwa maneno yake mwenyewe. Baba yake atamchukua kila Jumamosi, asubuhi hadi saa kumi. Mume wa sasa amekubali. Inasemekana alisema hata yeye angependa afanyiwe hivyo kama ndiye baba. Na dada mtu asikanyage nyumba ile. Si kwa kujifungua, si kwa arubaini ya mtoto, si kwa msiba.

"Hata simu?" Dada Jicho aliuliza.

"Hata simu," mama alijibu. "Mwachie. Labda baadaye."

Kazini alimwendea msimamizi na rejesta nne mkononi. Alitaka wanaume wote walioonyeshwa mistari miwili na kiplastiki peke yake waitwe, angalau waambiwe kwamba kipimo kile hakikuwa cha kuaminika. Msimamizi alifungua rejesta ya kwanza, akaona majina yanavyofuatana, akaifunga.

"Unataka tuamshe waliolala? Wengine wameshasahau. Wengine ndoa zao zimepona kwa kusameheana, ukiwaambia sasa hakukuwa na cha kusamehe, itakuwaje? Daktari ameandika ripoti yake. Inatosha."

Inawezekana alikuwa na hoja. Dada Jicho hakujua tena kupima hoja za watu. Aliziacha rejesta mezani kwa msimamizi, akaandika barua kwa wakubwa wa juu, na barua hiyo ilipokelewa, ikagongwa muhuri, na hadi leo haijajibiwa. Vile viplastiki vilitolewa stoo na kuchomwa kwenye tanuri nyuma ya jengo la kufulia, na kwa siku nzima harufu ya plastiki ilikaa kwenye mashuka ya wagonjwa.

Mtoto wa mdogo wake alizaliwa, wa kiume. Alisikia kwa mama.

Jumamosi moja, kama miezi minne baadaye, alikuwa anatoka kununua sabuni kwenye mtaa wa maduka ya viatu. Watu walikuwa wengi. Mbele yake, kwenye kivuli cha duka, alimwona shemeji amechuchumaa, anamfungia binti kamba za viatu vipya. Binti alikuwa amerefuka. Alikuwa amesimama wima, mikono imebanwa mbavuni, kama mtoto anavyosimama mbele ya mtu asiyemzoea, na baba alikuwa anafunga zile kamba taratibu mno, akizifungua na kuzifunga upya, ili dakika hiyo isiishe.

Dada Jicho alitaka kugeuka. Hakuwahi.

"Mama mkubwa!" binti aliita, na uso wake wote ulifunguka. Alipiga hatua mbili kumkimbilia.

Shemeji alisimama. Hakuonekana na hasira. Alimshika binti mkono, akauvuta kidogo tu.

"Baba, si mama mkubwa yule?"

"Ndiye," alisema. "Msalimie."

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Haya, twende," alisema baba yake, na wakaondoka, viatu vipya vikilia kwenye lami, binti akigeuza shingo kila baada ya hatua chache hadi watu wakamfunika.